Akilala Chali, Mwache

Kanuni ya kwanza anayofundishwa mtu anayeanza kufuga tarantula ni hii: ukimkuta buibui wako amelala chali, miguu ikitazama juu, usimguse. Usimgeuze, usimmwagie maji, usitikise chombo ili kuona kama yu hai. Yu hai. Ndiyo kwanza anaingia kwenye kazi ngumu kuliko zote za maisha yake, kazi ya kujivua gamba, na kazi hiyo haiombi mkono wa mtu. Buibui anayekufa halali hivyo. Hubaki kifudifudi, miguu ikijikunja chini ya mwili, kwa sababu kwa sehemu kubwa buibui hunyoosha miguu kwa msukumo wa damu, wakati misuli hutumika zaidi kuikunja. Msukumo ukiisha, miguu hujikunja yenyewe. Buibui wengi wazima wametupwa jalalani kwa sababu tu mwenyewe hakuijua tofauti hiyo.

Ninauheshimu sana ufundi wa kumsaidia tarantula ajivue gamba salama, na sababu ni kwamba karibu wote hufanyika kabla ya tukio lenyewe. Mfugaji hodari hutumia miezi kuandaa usiku mmoja, na usiku huo ukifika hana tena la kufanya ila kuzima taa na kukaa mbali. Anayetazama kwa nje husema buibui kajivua mwenyewe, mfugaji kafanya nini? Ni kweli kajivua mwenyewe. Lakini maji aliyoyanywa wiki iliyotangulia, udongo alioweza kuuchimba, utulivu aliopewa, na yule nyenje wa chakula aliyeondolewa mapema asije akamtafuna akiwa laini, vyote ni kazi ya mtu. Ningependa watu wa Arusha tuujue ufundi huu, maana baadhi ya tarantula wanaolelewa kwa uangalifu wa namna hiyo katika nyumba za Uingereza, Ujerumani na Marekani asili yao ni huku kwetu.

Ukitoka mjini kwa barabara ya Dodoma, ukaipita Kisongo na kuingia kwenye nyika ya Meserani na Monduli, unatembea juu ya makazi yao. Ni matundu ya mviringo ardhini, mdomo umezungushiwa uzi mweupe, na mchana hayaoneshi dalili yoyote ya mwenye nyumba. Sayansi imewafahamu kwa muda mrefu. Mwaka 1873 Mjerumani Gerstaecker alichapisha maelezo ya wadudu na buibui waliokusanywa na msafara wa Baron von der Decken, yule aliyejaribu kuupanda Kilimanjaro mwaka 1861 na 1862. Humo ndimo alimoelezwa buibui ambaye leo anaitwa Pterinochilus chordatus. Mwaka 1897 Reginald Pocock wa Makumbusho ya Uingereza akamwelezea ndugu yake, Pterinochilus murinus, ambaye aina yake ya rangi ya chungwa kali inajulikana duniani kote kwa jina la milima yetu ya Usambara. Kisha Msweden Yngve Sjöstedt akaja mwaka 1905, akakaa hadi 1906 akikusanya wanyama wa Kilimanjaro, Meru na nyika ya Umasaini inayoizunguka milima hiyo. Buibui wake walielezwa na Albert Tullgren mwaka 1910. Karibu karne moja baadaye, mwaka 2002, Richard Gallon aliipitia upya jamii nzima ya Pterinochilus na kupanga majina yaliyokuwa yamerundikana.

Kuna na yule mkubwa wao, Pelinobius muticus, wa Kenya na Tanzania, mwenye rangi ya kahawia inayoelekea shaba na miguu ya nyuma minene iliyopinda. Huchimba shimo refu kwenda chini, na akiudhiwa hutoa sauti ya kukwaruza kwa kusugua sehemu za mwili wake. Hukua polepole mno. Anayemfuga huyu tangu akiwa mtoto amekubali kusubiri miaka kabla ya kumwona amekomaa.

Hawa wote si viumbe vya kuchezea. Tarantula wengi wa Amerika wana nywele za kuwasha mgongoni ambazo huzirusha wakitishwa. Wa Afrika hawana nywele hizo. Ulinzi wao ni meno. Akikasirishwa huinua miguu ya mbele, hufunua meno, na asipoachwa huuma. Sumu ya Pterinochilus murinus huleta maumivu makali na misuli kukakamaa kwa muda. Kwa hiyo ufundi ninaousifu hapa tangu mwanzo ni wa kukaa mbali: hakuna anayemshika buibui wake mkononi, na hakuna anayefanya kazi chomboni bila kibanio kirefu.

Kwa nini ajivue? Mwili wa buibui umebebwa na gamba la nje, na gamba likishakauka halitanuki. Mnyama akitaka kukua hana njia ila kujenga gamba jipya chini ya lile la zamani, kisha kulitoka la zamani. Kazi hiyo huanza kimyakimya wiki nyingi kabla ya mtu kuona chochote. Homoni huamsha ngozi, ngozi hujitenga na gamba, na katikati hutokea majimaji yanayoyeyusha tabaka la ndani la gamba kuukuu ili malighafi yake irudi mwilini. Gamba jipya likiwa limekunjamana chini ya la zamani, buibui huwa amevaa nguo mbili kwa wakati mmoja, na majimaji yale ndiyo yanayozitelezesha zisigandane.

Hapo ndipo maji yanapokuwa suala la uhai. Buibui aliyekaukiwa huingia usiku wa kujivua akiwa na msukumo mdogo wa damu na majimaji machache kati ya magamba mawili. Atapasua mbele, atachomoa nusu ya mguu, kisha atakwama. Kwa miaka mingi wafugaji walidhani dawa ni hewa yenye unyevu. Walinunua vipimo vya unyevu, wakapulizia maji kila siku, wakaziba matundu ya hewa. Matokeo yake yalikuwa ukungu wa kuvu, utitiri, na buibui wa nyika kavu wanaopanda ukutani kuukimbia udongo uliolowa. Stanley Schultz, ambaye kitabu chake The Tarantula Keeper's Guide kilitoka mara ya kwanza mwaka 1984 na baadaye akakiandika upya pamoja na mkewe Marguerite, ni mmoja wa waliosisitiza kwamba kilicho muhimu zaidi ni bakuli la maji safi lisilokauka. Buibui hunywa. Akinywa vya kutosha, unyevu anaouhitaji anao mwenyewe ndani ya mwili.

Mtu wa Arusha haoni taabu kulielewa hilo. Meru ina urefu wa zaidi ya mita 4,500 na inaigawa mvua bila usawa. Upande wa Tengeru na Usa River migomba na kahawa hazina shida. Ukivuka kwenda magharibi, Kisongo na Meserani, vumbi ndilo mwenyeji, na baada ya masika unaweza kupita miezi bila tone la mvua. Buibui wa huko hajazoea hewa ya msituni. Alichozoea ni shimo: juu kukavu na kwenye upepo, chini udongo unaotunza ubichi kidogo na joto lisilobadilika hata usiku wa Julai, ule unaotulazimisha sisi kuvaa makoti. Mfugaji wa Pterinochilus aliyeko Ulaya anayejua kazi yake huiga hali hiyo. Hujaza chombo udongo mwingi, au unga wa makumbi ya nazi uliochanganywa na udongo na kushindiliwa vizuri ili shimo lisibomoke. Huacha juu pakavu. Pembe moja huimiminia maji taratibu hadi chini kabisa, ili unyevu upande polepole kutoka chini. Huweka gome la mti la kujificha, bakuli la maji, na matundu ya hewa pembeni. Halafu humwachia buibui achague mwenyewe akae wapi.

Baada ya hapo kazi ni kusoma dalili, na dalili za hawa wa kwetu ni ngumu. Kwa tarantula wa Amerika aliyekwisha kurusha nywele zake, mgongo wa tumbo huwa na upara, na upara huo hugeuka mweusi siku za kujivua zikikaribia. Hata mgeni anaweza kuuona. Wa Afrika hana upara. Mfugaji wake huangalia mambo madogo: tumbo limejaa na kung'aa, rangi ya mwili imefifia, nyenje aliyewekewa jioni asubuhi bado yupo. Siku chache baadaye mdomo wa shimo umezibwa kwa uzi na udongo. Kuzibwa huko mara nyingi kuna maana moja, na mfugaji mzuri huitii. Hafungui ili kuchungulia. Humtoa nyenje kwa kibanio, hujaza bakuli la maji, huhakikisha pembe ile ya unyevu haijakauka, huandika tarehe, na kuondoka. Kukaa bila kula wiki kadhaa hakumdhuru buibui mkubwa, na wengine hukaa miezi. Kinachomdhuru ni mtu mwenye huruma anayeendelea kumletea chakula, kwa maana nyenje mwenye njaa anaweza kumtafuna buibui laini asiyeweza kujitetea.

Shemeji yangu anayeishi Ujerumani anafuga Pterinochilus chordatus jike aliyezaliwa hukohuko, kizazi cha buibui waliokwisha kuzaliana utumwani. Nilimtembelea wakati ambapo mdomo wa shimo ulikuwa umeshazibwa. Bahati njema ni kwamba jike huyo alikuwa amechimba ubavuni mwa kioo, hivyo chumba chake cha chini kilionekana. Usiku mmoja shemeji aliniita, akawasha tochi yenye mwanga mwekundu, ambao macho ya buibui huuona kwa shida, na kuielekeza pembeni.

Jike alikuwa ametandika mkeka mzito wa uzi na kulala chali juu yake. Kwa muda mrefu sikuona kinachotokea, mpaka nilipozoea kutazama tumbo. Lilikuwa likibana na kuachia, likibana na kuachia, na kila lilipobana lilionekana kupungua. Damu ilikuwa ikisukumwa kwenda mbele, kwenye sehemu ile ambayo kichwa na kifua ni kitu kimoja. Kisha ukingo wa mbele wa kifuniko cha kifua, juu kidogo ya meno, ukafunguka. Ufa ukazunguka pande zote mbili polepole, kifuniko kikainuka na kubaki kimeshikilia upande wa nyuma tu. Baadaye ngozi ya tumbo ikapasuka ubavuni na kuanza kusogea nyuma, imekunjamana, ikifunua nywele mpya, nyeusi na zilizolala.

Nilipousogelea mno uso wa kioo shemeji alinigusa bega. "Shemeji, mikono mfukoni," alisema, bila kuondoa macho yake kwa buibui.

Miguu ndiyo iliyochukua muda. Ni minane, na mbele yake kuna vipapasio viwili, na mbele zaidi yale mataya mawili yenye meno, vyote vikitoka kwa pamoja kupitia mlango mmoja, kama mtu anayevua sweta linalombana lenye mikono kumi na miwili. Havitoki kwa kuvutwa mfululizo. Mwili mzima husukuma, miguu yote husogea kidogo sana, kisha hutulia. Husukuma tena, hutulia tena. Viungo vya magoti vilipofika mahali pembamba niliona jinsi mguu mpya ulivyojipinda ndani ya mguu wa zamani, laini kiasi cha kupita penye nafasi ambayo mguu mgumu usingepita. Kila unywele ulikuwa ukichomoka kwenye ala yake. Usiku ulikuwa umekwenda sana ncha za mwisho zilipotoka, na jike akalala ubavu kando ya gamba lake, amepauka, mkubwa kuliko lile gamba lililombeba saa chache zilizopita.

Jambo ambalo sitalisahau ni meno. Yaliyokuwa meusi yalikuwa sasa meupe pe, na yangeweza kupinda kwa kugusa kitu chochote. Ndiyo sababu ya kanuni ya pili, ambayo huvunjwa na watu wengi kuliko ile ya kwanza: akishajivua, usimlishe. Meno hupita kutoka weupe hadi wekundu, kisha weusi, na mpaka yawe meusi hana silaha wala kijiko. Mtoto mdogo huwa tayari baada ya siku chache. Mkubwa hungojewa wiki moja, mbili, au zaidi. Siku hizo za mwanzo hujinyoosha na kujikunja mara kwa mara, kila mguu kwa zamu, ili viungo visigande vikiwa vimekaa vibaya wakati gamba linakauka. Anachohitaji ni maji yaliyo karibu na chombo kisichotikiswa.

Siku nyingine mambo huenda kombo, na hapo ndipo mtu anapojulikana kama anaujua ufundi au anaogopa tu. Nilimuuliza shemeji angefanya nini jike yule angekwama. Jibu lake lilianza na kusubiri, kwa sababu buibui mkubwa anaweza kuchukua saa nyingi, na kupumzika kwa muda mrefu bado si kukwama. La pili ni kuongeza unyevu kwenye udongo unaomzunguka, bila kummwagia yeye. La tatu, ikiwa mwili umeshatoka na mguu mmoja au miwili imebaki ndani huku gamba la zamani likikauka, huchukua brashi laini ya kuchorea, huichovya kwenye maji ya vuguvugu, na kuipitisha pale palipogandia tu. Baadhi huongeza tone la gliserini. Maji hayo hayapaswi kabisa kufika upande wa chini wa tumbo, karibu na kiuno, kwa maana ndipo zilipo nafasi za mapafu. Kisha husubiri tena. Gamba likilainika, hulikata kwa mkasi mdogo chini ya lenzi, kipande kwa kipande, na kuuacha mguu utoke kwa nguvu ya buibui mwenyewe.

Kuvuta ni mwiko. Mwili mpya ni laini kiasi kwamba ukivuta mguu unaweza kuupasua mwili. Ikishindikana, buibui mwenyewe ana njia: huukata mguu kwenye kiungo cha karibu na mwili, mahali palipoumbwa kuachia na kuziba haraka. Damu ikiendelea kutoka, damu ile isiyo nyekundu, ambayo shaba iliyomo huipa rangi ya samawati hafifu, mfugaji huiziba kwa mafuta ya mgando. Kupoteza mguu si msiba. Akijivua tena, mguu mpya huchipua, mwembamba na mfupi, na safari inayofuata hukaribia kulingana na wenzake. Kwa mtoto anayejivua mara nyingi kwa mwaka, kovu hilo hufutika upesi. Kwa jike mkubwa, ambaye anaweza kukaa mwaka mzima au zaidi kati ya gamba na gamba, humchukua miaka. Lakini kifuniko cha kifua kisipoinuka kabisa, mara nyingi hakuna mkono utakaomwokoa, na wafugaji wakongwe husema hivyo waziwazi kwa wanaoanza, ili wasimtese mnyama kwa kumchokonoa.

Gamba lililoachwa nalo halitupwi. Likiwa bado bichi, au likishalainishwa kwa maji yenye tone la sabuni, hutandazwa juu ya karatasi na kukaushwa kwa umbo lake. Ukilifungua sehemu ya tumbo na kutazama kwa lenzi ngozi ya ndani, kati ya nafasi mbili za juu za mapafu, unaweza kuona kifuko cha kuhifadhia mbegu za dume. Kikiwapo, ni jike. Kisipokuwapo, huenda ni dume, na mfugaji huanza kujiandaa kwa habari tofauti kabisa. Dume akikomaa hujivua mara ya mwisho, hutoka na miguu mirefu zaidi na vipapasio vilivyovimba ncha, huondoka shimoni kutafuta jike, na maisha yake huishia ndani ya muda mfupi. Jike huendelea kujivua hata baada ya kukomaa. Ndani ya gamba hilo hilo utakuta pia utando wa mdomo, wa koo na wa tumbo la kunyonyea, na kurasa nyeupe za mapafu, kwa maana buibui huvua hata ngozi ya ndani. Nilipoziona kurasa hizo chini ya lenzi ndipo nilipoelewa ni jambo kubwa kiasi gani lilikuwa limefanyika mbele yangu kwa utulivu ule.

Shemeji ana daftari lenye tarehe za kila gamba, urefu wa miguu, siku aliyoacha kula, siku meno yalipokuwa meusi. Daftari za namna hiyo ndizo zilizojenga maarifa tuliyonayo. William Baerg wa Chuo Kikuu cha Arkansas alitumia miongo kadhaa kufuga na kuchunguza tarantula wa jimbo hilo, na kitabu chake, The Tarantula, kilitoka mwaka 1958. Ni kwa kuandika bila kuchoka ndipo alipobaini kwamba dume wa huko huchukua takriban miaka 10 kukomaa, na kwamba jike anaweza kuishi zaidi ya 20. Hakuna darubini wala mtambo ambao ungempa jibu hilo kwa mwaka mmoja. Ilibidi mtu awepo, aandike, na arudi tena.

Hapa kwetu uangalifu wa aina hiyo haujakosa wenyewe. Meserani kuna bustani ya nyoka, Meserani Snake Park, iliyofunguliwa mwaka 1993 na Barry na Lynn Bale, na pembeni yake kuna kliniki ambayo imetibu watu wengi walioumwa na nyoka. Anayefuga nyoka anaijua kanuni ya kutogusa kwa njia yake. Macho ya nyoka yakigeuka ya maziwa, hatamshika. Ataweka bakuli la maji la kujichovya, jiwe au gogo la kujisugulia, na kusubiri gamba litoke zima, likiwa limegeuzwa ndani nje. Likitoka vipande vipande, au kifuniko cha jicho kikibaki, atatafuta kosa kwenye maji na unyevu wa chombo kabla ya kumlaumu nyoka. Kwa wote wawili, gamba baya ni ripoti ya miezi iliyopita.

Sisemi haya ili mtu achukue jembe aende Monduli. Wanyamapori wa nchi hii wanalindwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, kuwamiliki kunahitaji kibali, na mwaka 2016 serikali ilisimamisha kusafirisha wanyamapori hai kwenda nje. Hata pasipo sheria, kumfukua jike wa miaka kumi na mitano kutoka kwenye shimo alilolijenga maisha yake yote ni hasara isiyorudishwa haraka, na akifukuliwa siku za kujivua anaweza kufa. Tulichonacho sisi ni kile ambacho mfugaji wa Ulaya hana: wanyama wenyewe, kwenye udongo wao, chini ya mvua yao. Yeye anajua buibui wake alijivua tarehe gani ndani ya kioo. Sisi tunaweza kujua buibui wa Meserani hujivua mwezi gani, kabla ya vuli au baada ya masika, na kama ukame wa mwaka fulani uliwachelewesha.

Hilo halihitaji kumgusa hata mmoja. Buibui wa shimoni mara nyingi hulisukuma gamba kuukuu nje ya mlango baada ya kujivua, nalo hukaa hapo mpaka upepo ulichukue. Mchungaji anayepita kila siku huliona. Mwanafunzi anaweza kulipiga picha likiwa palepale, sarafu ikiwa pembeni kuonesha ukubwa, akaandika tarehe na mahali, na kurudi kwenye shimo lile lile mwaka unaofuata. Arusha ndiyo makao makuu ya Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori, TAWIRI. Tengeru kuna Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, na Mweka, nyuma ya Moshi, kuna chuo kinachofundisha usimamizi wa wanyamapori. Wanaopita katika milango hiyo wamefundishwa kuhesabu tembo na twiga. Ningefurahi kuona baadhi yao wakianza daftari la matundu madogo ya nyikani, kwa Kiswahili, kwa subira ileile ya Baerg, na kulirithisha kwa wanaofuata, kwa sababu buibui hawa huishi muda mrefu kuliko kozi yoyote ya chuo.

Ufundi wa gamba umenifundisha kumthamini mtu anayejua saa ya kutofanya kitu na aliyefanya kila kitu kabla ya saa hiyo. Maji yamejaa, nyenje ametolewa, tarehe imeandikwa. Mwenye kuyatimiza hayo kwa buibui asiyeweza kumshukuru, wala kumtambua, anastahili kuitwa fundi.